Barua Zilizoimbwa Usukuma

Ngika na Gumha hawakuandikiana. Walikuwa waganga na wachezaji ngoma wa katikati ya karne ya 19, na kila mmoja alidai dawa yake inaishinda ya mwenzake. Ubishi ukapelekwa uwanjani: vikundi viwili vicheze kwa wakati mmoja, na atakayevuta watu wengi ndiye mshindi. Kutokana na ubishi huo Usukuma ukapata pande mbili za mbina, yaani ngoma: Bagika, wafuasi wa Ngika, na Bagalu, wafuasi wa Gumha.

Anayedhani walishindana kwa dawa na madoido tu hajasikiliza maneno. Ningi, manju wa kikundi, alikuwa na mpinzani wake anayemlenga kwa nyimbo. Alimtaja kwa jina, akamkumbusha alivyokimbiwa na watazamaji mwaka uliopita, akamsuta kwa ubahili wake. Wafuasi wakaukariri wimbo. Mvua zikinyesha watu walirudi shambani, na nyimbo zikaimbwa wakati wa kulima. Wasafiri na wachunga ng'ombe wakazibeba hadi kijiji cha pili na cha tatu. Aliyesutwa akapata habari zake kabla hajaonana na aliyemsuta, akakaa na jibu moyoni hadi mavuno yaingie ghalani. Kuanzia Juni, viwanja vilipofunguliwa, akajibu.

Kwangu mimi hizo ni barua kamili. Zina mwandishi na mwandikiwa, na zinadai jibu. Tena zilisomwa mbele ya umma wote, kwa hiyo aliyezua uongo aliumbuka palepale.

Wenzao wa beni walitumia karatasi. Ngoma hiyo ya pwani, yenye vyama vya Marini na Arinoti, ilisambaa bara pamoja na askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Matawi yake yaliwasiliana kutoka mji hadi mji, na mwanachama mgeni alipokelewa na wenzake kama ndugu. Watawala wa Kiingereza waliingiwa na wasiwasi, wakaanza kuulizia habari zao. Mwanahistoria Terence Ranger alipoandika kitabu chake cha 1975 kuhusu beni, kumbukumbu za maandishi zilikuwepo za kumsaidia.

Usukuma nao ulikuwa unabadilika. Dhahabu ya Geita ilianza kuchimbwa na kampuni miaka ya 1930. Reli ya Tabora hadi Mwanza, inayopita Shinyanga, ilikuwa imekamilika mwaka 1928. Almasi ya Mwadui ikagunduliwa mwaka 1940. Vijana wa Bagika na wa Bagalu wakajikuta kwenye ajira moja, na nyimbo zao zikasafiri nao kwa reli.

Kumbukumbu za nyimbo hizo zipo, ila zimetawanyika. Karatasi za mtafiti Hans Cory ziko Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alirekodi ngoma za Tanganyika mwaka 1950, na kanda zake ziko Afrika Kusini. Msomi Elias Songoyi aliwachambua waimbaji wawili, Kalikali wa Usukuma na Mwinamila wa Unyamwezi, na uhusiano wao na dola. Mtafiti Frank Gunderson alichapisha mamia ya nyimbo za kazi za Wasukuma mwaka 2010. Huko Bujora, karibu na Mwanza, makumbusho yaliyoanzishwa na Padri David Clement yanaendelea kuzitunza pande zote mbili, na sikukuu ya Bulabo bado inazikutanisha.

Kazi hizo nazienzi. Kinachoniuma ni kwamba wimbo ukihifadhiwa peke yake, msomaji anapata matusi bila kujua yalichokozwa na nini, au majigambo bila kujua yalijibiwaje. Ni nusu ya mazungumzo. Vibanda vya Kahama na Katoro vinavyowarushia wateja nyimbo za Kisukuma kwenye simu na memori kadi vinaeneza sauti kuliko reli ilivyowahi kufanya, lakini faili halisemi wimbo ulimlenga nani, wala uliimbwa kiwanja gani.

Wazee wanaoyajua hayo bado wapo vijijini. Mwanafunzi wa fasihi anayetafuta mada ya utafiti, au mwandishi wa redio mwenye kinasa sauti, awaendee msimu wa mavuno, na kwa kila wimbo aulize mambo manne: nani alitunga, alimtungia nani, mwaka gani, na mwenzake alimjibu nini.