Unga wa Mchele na Uji wa Mtoto



Akina mama wa Ndalambo wanaonunua mchele unaopandishwa kutoka bonde la Kamsamba wamekwisha kuona jambo hili: unga wa leo hutoa uji laini, na wa wiki ijayo, sufuria ile ile na kuni zile zile, hutoa uji unaoganda kama ugali wa jana. Tusilaumu moto. Tuangalie mbegu ya mpunga na mashine.

Mchele ambao punje zake huachana ukipikwa wali hutoa unga ambao uji wake huganda ukipoa. Mchele unaonata hutoa uji unaobaki laini. Basi kabla ya kusaga debe zima, pika wali kikombe kimoja, uache upoe, uutazame. Harufu ni jambo jingine. Mchele wa Kyela unasifiwa kwa kunukia, lakini harufu haimnenepeshi mtoto.

Tuje kwenye kukoboa. Chini ya ganda la mpunga kuna utando wa rangi ya kahawia, na kwenye ncha ya punje kuna kiini. Humo ndimo ilimo sehemu kubwa ya vitamini B1. Kinu na mchi huacha utando kiasi, lakini mashine inayong'arisha huuondoa wote ukaenda na pumba, nasi tunawapa kuku! Katika miaka ya 1890 huko Java, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman aliona kuku waliolishwa mchele mweupe wakilegea miguu, kisha wakipona walipopewa mchele wenye utando wake. Watu nao waliugua vivyo hivyo, na ugonjwa huo huitwa beriberi. Mwombeni mwenye mashine asiupitishe mchele mara ya pili kwa ajili ya weupe tu. Ila unga wa mchele wenye utando una mafuta, huchacha upesi. Sageni wa wiki mbili, si wa miezi.

Mashine ya kusaga hupiga punje kavu kwa kasi na unga hutoka wa moto. Chembe za wanga huvunjika na hunywa maji mengi zinapokorogwa. Wapika vitumbua wanalijua hili. Wao huloweka mchele usiku, huuchuja na kuutwanga ungali na unyevu, wakapata unga laini sana. Unga huo utumike siku ile ile au uanikwe vizuri, usije ukavunda. Chenga zinafaa kabisa kwa unga, na bei yake ni nafuu. Chekecheke la mashine likiwa jipya, msiwe wa kwanza kusaga, kwa maana huacha vumbi la chuma. Na mashine iliyosaga mbegu zilizotiwa dawa msiikaribie.

Sasa mtoto wa miezi sita na kuendelea. Uji wa mchele huwa mzito kwa unga kidogo tu, mama akaongeza maji ili mtoto ameze. Tumbo linajaa maji na mtoto anadhoofu, ingawa anakula kila siku. Katika miaka ya 1980 Taasisi ya Chakula na Lishe ilijaribu dawa ya jambo hili katika kijiji cha Luganga, Iringa. Dawa yenyewe ni kimea, ambacho bibi zetu walikitumia kwa pombe.

Ulezi tunao. Uloweke usiku mmoja, uufunike kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili au tatu hadi uchipue, uanike juani, uusage. Pika uji mzito wa mchele, uuepue, uache upoe mpaka uvumilike mdomoni, kwani moto mkali huua nguvu ya kimea. Tia kijiko kimoja, koroga. Baada ya dakika chache uji unalegea wenyewe bila kuongezewa maji. Kisha uurudishe motoni uchemke tena ili kuua vijidudu, ndipo umpe mtoto, ukiwa na karanga zilizosagwa au maziwa.