Neno Lenye Kumleta Mnunuzi

Mwezi wa Desemba ukiingia na maembe yakaanza kuiva katika mashamba ya Makueni, mkulima hana fursa ya kungoja, kwa kuwa embe likishaiva halihifadhiki, na dalali ajaye na lori lake hulijua hilo kabla hajashuka. Ndiyo maana bei huitaja yeye. Kwa sababu hiyo wapo wauzaji wa mji wa Wote, na wenzao wa Kitui wenye asali na vyondo, walioazimia kumtafuta mnunuzi wa Nairobi wao wenyewe kwa njia ya matangazo ya Google. Azma hiyo ni njema, na naitakia heri kwa dhati. Lakini kufaulu kwake kwategemea jambo ambalo wengi hulipita mbio, nalo ni uchaguzi wa maneno.

Matangazo hayo, yaliyoanzishwa mwaka 2000, hayafanani na tangazo la redio lisikiwalo na halaiki yote. Mtu aandikapo haja yake kwenye simu, papo hapo hufanyika mnada usioonekana baina ya wenye matangazo yanayohusiana na maneno yake, na mtambo ukapima kiasi ambacho kila mmoja yu radhi kulipa pamoja na jinsi tangazo lake linavyomfaa mtafutaji. Aghalabu muuzaji hatozwi kwa tangazo kuonekana, bali kwa kubofywa. Tuseme ana shilingi 300 kwa siku, na kila mbofyo wamgharimu shilingi 15: basi hana ila wageni 20, na kila mgeni asiye na haja ya maembe amekalia kiti cha mnunuzi.

Njia za kulifunga neno ambalo muuzaji amelichagua liite tangazo lake ni tatu. Ukiliandika bila alama yoyote, mtambo hulichukua kwa upana, ukalioanisha na lolote unaloliona lina uhusiano nalo. Ukiyatia maneno katika alama za kunukuu, tangazo huwafikia wale ambao utafutaji wao unabeba maana ya fungu hilo, hata wakiongeza maneno mengine mbele au nyuma. Ukiyatia katika mabano ya mraba, waitwa wale tu ambao dhamira yao ni ile ile. Walakini hata mabano hayo siku hizi hayashikilii herufi kama zamani, bali hushikilia maana.

Sasa na tuliangalie embe lenyewe. Aina ipendwayo sana Makueni huitwa Apple, na pamoja nayo zimo Kent, Tommy Atkins na Ngowe. Muuzaji akiliandika neno Apple peke yake, bila alama, atakuwa amejitosa katika mnada mmoja na wauza simu, na fedha yake ya siku nzima yaweza kwisha kabla ya adhuhuri kwa watu wanaotafuta chaja. Akiandika «maembe ya apple Nairobi» ndani ya alama za kunukuu, wageni watapungua sana, lakini watakaobaki ni wenye njaa ya embe. Najua kwamba Google yenyewe huisifu njia pana ikiambatana na zabuni za kujiendesha, ambamo mtambo hujipangia bei wenyewe. Lakini mtambo huo hujifunza kutokana na mauzo mengi yaliyokwisha kurekodiwa, ilhali mwenye kreti 30 na msimu wa miezi michache hana rekodi hiyo. Kwa maoni yangu, na aanze kwa ufinyu.

Fauka ya hayo, kuna maneno ya kukataza, ambayo muuzaji huyaandika ili tangazo lake lisionekane yanapotajwa. Anayeandika «miche ya miembe» ataka kupanda. Anayeandika «faida za asali» ana kikohozi au ana udadisi, wala hajakusudia kununua chupa ya Mwingi huko Kitui. Hapa Kiswahili chatudai uangalifu wa pekee, kwani katazo halienei kwa umoja na wingi wala kwa visawe: ukikataza «mche» hujakataza «miche», wala ukikataza «kupanda» hujakataza «kupandikiza». Kila umbo sharti liandikwe kwa jina lake.

Kiondo nacho kina mtihani wake. Mwanamke wa Kitui anayesokota uzi wa katani kwa kiganja juu ya paja lake hukiita kyondo, na vikiwa vingi syondo. Mswahili asema vyondo, Mkikuyu ciondo, na mgeni wa ng'ambo huandika kikapu kwa Kiingereza chake. Yote hayo ni mlango mmoja, na muuzaji aliyeandika tahajia yake tu amewafungia wengine nje.

Mahali pia pachaguliwe. Mpangilio wa kawaida huwajumuisha walioko mjini pamoja na wanaoonyesha kupendezwa na mji huo wakiwa mbali. Auzaye matunda yanayooza na achague walioko tu, tena achague Nairobi, kwani Makueni mnunuzi ana mwembe uani.

Kisha kila jioni aisome ripoti ya maneno ambayo watu waliyaandika hasa, akate yasiyofaa. Na kabla ya hayo yote, ampigie simu aliyenunua kreti 2 mwaka jana, amwulize: «Lau ungekuwa hunijui, ungeandika nini ili unipate?» Jibu aliandike vile vile lilivyotamkwa, pamoja na Sheng yake.