Malipo ya sulhu katika kesi za vipodozi Marekani: yanatokana na nini, na je, yanafaa kupokewa?

Ndugu zetu walioko Marekani hupokea barua ambazo huwatatiza. Barua inasema kuna kesi dhidi ya kampuni fulani ya vipodozi, kwamba pande mbili zimefikia sulhu, na kwamba mpokeaji anaweza kulipwa akijaza fomu. Yeye hakushitaki wala hakuajiri wakili, na kampuni yenyewe imeandika humo humo kwamba haikiri kosa lolote. Basi fedha hizi ni za nini, na je, ni halali? Kabla ya hukumu ni lazima jambo lenyewe lifahamike, kwa hiyo tuanze na jinsi kesi hizi zinavyokwenda.

Mfano ulio wazi ni wa WEN, dawa ya kuoshea nywele isiyotoa povu iliyokuwa ikitangazwa sana kwenye televisheni za Marekani. Mwaka 2014 watumiaji walifungua kesi katika mahakama ya shirikisho huko California dhidi ya Guthy-Renker, kampuni iliyokuwa ikiiuza. Walidai kuwa nywele zao zilinyonyoka, wengine wakabaki na vipara, na ngozi ya kichwa ikawawasha na kuvimba. Walidai pia kuwa kampuni ilijua habari hizi na haikuwaambia wanunuzi. Mwezi wa Julai 2016 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) ikatoa tahadhari kwa umma. Yenyewe ilikuwa imepokea taarifa 127 za madhara. Wakaguzi wake walipokagua ndipo ilipobainika kuwa kampuni zinazoitengeneza na kuisambaza zilikuwa zimepokea malalamiko zaidi ya 21,000.

Msomaji azilinganishe namba hizo mbili. Serikali ina 127, muuzaji ana 21,000, na mnunuzi aliyesimama dukani hana hata moja. Na kwa sheria ya wakati huo, ambayo msingi wake ni wa mwaka 1938, kampuni ya vipodozi haikulazimika kuipelekea FDA malalamiko ya wateja. Sheria hiyo ilikuja kubadilishwa Disemba 2022. Sasa madhara makubwa yanatakiwa kuripotiwa ndani ya siku 15 za kazi.

Kesi ya WEN haikufika kwenye hukumu. Kampuni ilikanusha madai, na pande mbili zikakubaliana kwa dola milioni 26.25. Aliyenunua tu aliweza kudai dola 25. Aliyedhurika, akaleta picha, karatasi za daktari au ushahidi mwingine, aliweza kupata hadi dola 20,000 kulingana na ukubwa wa dhara lake. Gharama za mawakili na za kuendesha malipo hutoka katika fungu hilo hilo.

Kesi ya aina hii huitwa kesi ya kundi. Watu wachache hushitaki kwa niaba ya wote waliofikwa na jambo lile lile, na jaji ndiye anayeamua kama kundi hilo linastahiki kuwa kundi. Sulhu ikifikiwa, haifanyi kazi mpaka jaji aone kuwa ni ya uadilifu na inatosha. Kila mwanakundi hupelekewa taarifa, na hapa ndipo wengi wetu tunapoteleza. Anaweza kujaza fomu akalipwa, anaweza kupinga sulhu mbele ya jaji, au anaweza kuandika barua ya kujitoa ili abaki na haki ya kushitaki peke yake. Asipofanya lolote huhesabiwa kuwa ameridhia: hapati senti na hawezi tena kuishitaki kampuni ile kwa jambo lile. Kwa hiyo mama ambaye nywele zake zimetoka zisirudi, asiitupe barua kwa kudhani ni matangazo, na asikimbilie dola 25 kabla ya kumuuliza wakili kama dhara lake ni kubwa kuliko hapo.

Sasa tuje kwenye hukumu. Kuficha aibu ya bidhaa ni ghushi, na hili halina khilafu. Imepokewa na Muslim kutoka kwa Abu Hurayrah (Radhiya Allaahu 'anhu) kuwa Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alipita sokoni, akaingiza mkono kwenye rundo la chakula na vidole vikakuta unyevu. Muuzaji akasema kimenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka kilichorowa juu watu wakakiona, kisha akajitenga na mwenye kughushi. Aliyeuziwa kitu chenye aibu iliyofichwa ana khiyari ya kukirudisha. Ikiwa kimeshatumika na hakirudishiki, mafaqihi wetu wa Kishafi wanampa tofauti ya thamani, inayoitwa arshi. Dola 25 za mnunuzi ambaye chupa yake imeshakwisha ziko karibu sana na maana hiyo.

Hata nywele mafaqihi hawakuzidharau. Kwa Mahanafi na Mahanbali, anayeziharibu nywele za kichwa cha mtu zisiote tena anawajibika diya kamili. Kwa Mashafi na Wamaliki ni fidia inayokadiriwa na hakimu.

Tatizo liko kwenye sulhu yenyewe. Kampuni inalipa huku inakanusha, na hii ndiyo sulhu ya inkari iliyozungumzwa na wanachuoni tangu zamani. Jamhuri yao, yaani Mahanafi, Wamaliki na Mahanbali, wameijuzisha. Madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya watu wa visiwani, yameibatilisha, na utaikuta kauli hiyo katika Minhaj ya Imam Nawawi. Ajabu ni kuwa pande zote mbili hutumia Hadithi moja, ile inayoruhusu sulhu baina ya Waislamu isipokuwa inayohalalisha haramu au kuharamisha halali. Wa kwanza wanashika mwanzo wake, wa pili wanashika kiasi chake cha mwisho.

Tunaloliona sisi ni kuwa aliyenunua kweli au kudhurika kweli haki yake haikuanzia kwenye karatasi ya sulhu. Ilianza siku alipouziwa aibu iliyofichwa, na anachopokea ni sehemu ya haki hiyo. Kufuata kauli ya jamhuri hapa kuna nafasi. Mwenye kubaki na shaka amuulize mwanachuoni anayemuamini, na kwa waliopo Unguja na Pemba, Ofisi ya Mufti ipo.

Lakini hao hao walioijuzisha wameweka sharti zito: anayejua nafsini mwake kuwa hana haki, sulhu haimhalalishii kitu, na alichochukua ni haramu. Tunalisema hili kwa sababu wapo wanaojaza kila fomu inayotokea, maana dola 25 haziulizwi risiti. Fomu hizi kwa kawaida husainiwa kwa tamko lenye uzito wa kiapo. Na Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), katika Hadithi ya Ummu Salamah, alieleza kuwa hata yeye akimhukumia mtu kitu cha nduguye kwa ufasaha wa maneno yake, mtu huyo amekatiwa kipande cha moto. Kuwa kampuni ilighushi hakumpi asiyenunua ruhusa ya kughushi pia. Tena fungu ni moja, na kila dai la uongo humpunguzia aliyedhurika.

Jambo moja linatuhusu sisi tulio huku. Kundi katika kesi ya WEN lilikuwa la wanunuzi na watumiaji wa Marekani. Chupa iliyotiwa kwenye sanduku la zawadi ikafika Chake Chake haina fungu katika malipo hayo, na barua ya mahakama haiji na chupa. Anayetuma vipodozi nyumbani aangalie kwanza kama vina tahadhari iliyotolewa, na akipata habari baadaye apige simu awaambie waache kutumia. Hapa Zanzibar, aliyedhurika na kipodozi aende hospitali na chupa yenyewe mkononi, apige picha, kisha apeleke taarifa Wakala wa Chakula na Dawa (ZFDA). Asione haya kuwa ni mtu mmoja tu: wale 21,000 pia walilalamika mmoja mmoja, na kila mmoja huenda alidhani yuko peke yake.

Wa Allaahu A'lam.