Ukungu wa Berlin na mjusi wa kwetu Lindi

Msomaji wangu, hela iliniuma, sikufichi. Nilipanda lifti kwa sekunde kama 40 hivi, masikio yakaziba utadhani niko ndani ya ndege, milango ikafunguka mita 203 juu ya ardhi, nami nikakimbilia dirishani kamera mkononi. Nikaona nini? Weupe. Weupe mtupu, kama vile mtu katundika shuka nje ya kioo.

Hapo ni juu ya Mnara wa Televisheni wa Berlin, wenye urefu wa mita 368, mrefu kuliko kitu chochote kilichojengwa Ujerumani. Ulifunguliwa mwaka 1969 na serikali ya upande wa Mashariki, wakati ule mji ukiwa umekatwa vipande viwili kwa ukuta, na moja ya kazi zake ilikuwa kuwaringishia jirani zao wa Magharibi. Siku ya jua unauona mji mzima. Dada wa tiketi alinionya kabisa kwamba leo huko juu hakuna kitu. Nikaona ananibania. Mtoto wa mjini haambiwi bwana! Binamu yangu, ambaye ndiye mwenyeji wangu, alibaki chini na kikombe cha chokoleti ya moto. Niliposhuka hakuniuliza nimeona nini. Alicheka tu.

Ilikuwa Novemba 2024. Baridi ya kule si kama ile ya Njombe au Lushoto ambayo ukiota moto kidogo mambo yanakuwa poa. Ile inaingia kwa chini, inaanzia kwenye soli ya kiatu, inapanda taratibu. Ukungu nao haunyeshi wala hauondoki, unakulowesha kimya kimya. Nilikuwa nimejizatiti na koti zito la mtumba nililookota pale Karume, Ilala, kwa bei ya kutupa. Binamu alipolikagua ndani akakuta lebo ya Kijerumani. "Koti limerudi kwao," akasema. "Wewe ndiye mgeni."

Tukadandia basi namba 100, lile la ghorofa, tukakaa juu mbele kabisa. Hilo basi ni siri ya wajanja: kwa nauli ya kawaida linakupitisha karibu na kila kitu ambacho watalii wanalipia mabasi yao maalumu. Siku hiyo lilinipitisha kwenye vivuli. Kanisa kuu, kivuli. Chuo Kikuu cha Humboldt, kivuli. Tukashuka Lango la Brandenburg, nguzo nikaziona, lakini ile sanamu ya juu, gari linalovutwa na farasi wanne, ilikuwa imemezwa. Binamu akanipa stori yake. Lango lilimalizika mwaka 1791. Mwaka 1806 Napoleon akaiteka Berlin, akawashusha farasi wale na gari lao akawapeleka Paris kama nyara. Wajerumani hawakulala. Napoleon alipopigwa, mwaka 1814 wakazirudisha farasi zao nyumbani kwa shangwe. Kumbuka hilo jambo, nitalirudia.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi kwa miguu hadi mtaa wa Wilhelmstraße. Watalii wengi wanaupita haraka. Sisi tulisimama. Jumba lenyewe halipo tena, lipo bango la kumbukumbu tu, lakini ndipo ulipofanyika ule Mkutano wa Berlin tuliokaririshwa darasani, kuanzia Novemba 15, 1884 hadi Februari 26, 1885. Mataifa 14, Mwafrika hata mmoja hakukaribishwa. Kesho yake tu, Februari 27, Kaisari akasaini hati ya kuilinda kampuni ya Carl Peters, yule bwana aliyetoka Usagara na makaratasi yenye alama za machifu. Nilisoma bango lile meno yakigongana. Sijui kama ilikuwa baridi peke yake.

"Twende kwenye joto," binamu akaamua. Treni ya chini ya ardhi, laini ya U6, ikatupeleka hadi kituo cha Naturkundemuseum. Jumba la makumbusho ya viumbe na mambo ya asili. Na hapa ndipo nilipotumwa.

Mama yangu ni wa Lindi. Nilipomuaga aliniambia neno moja tu: "Kamtazame mjusi. Mwambie tumekuja." Babu mzaa mama alikuwa akisimulia kwamba baba yake, kijana wakati huo, aliwahi kubeba "mawe ya Mdachi" kutoka porini hadi bandarini. Sisi wajukuu tulikuwa tunajikausha, tunamwona mzee anapoteza muda. Mawe ya nini tena?

Nikaingia ukumbini. Jamani. Unainua shingo, unaona miguu. Unainua tena, unaona mbavu. Unarudi nyuma hatua kadhaa, ndipo unaanza kuiona shingo yenyewe inavyopanda kuelekea kwenye paa la vioo, na kichwa kidogo kule juu kinakuangalia kama chifu. Mita 13.27, mifupa ya dinosaria iliyosimamishwa ambayo ni mirefu kuliko mingine yote duniani, kwa mujibu wa kitabu cha rekodi cha Guinness. Umri wake ni kiasi cha miaka milioni 150. Zamani wataalamu walimwita Brachiosaurus, siku hizi wanamwita Giraffatitan, yaani twiga jitu. Pembeni yake wamesimama wenzake wengine, wengi wao wakitoka kilima kilekile: Tendaguru, mkoani Lindi.

Pale watoto wa shule walikuwa wanakimbizana chini ya mkia. Mimi nilikuwa nasoma vibao, na kadiri nilivyosoma, ndivyo yale mawe ya babu yalivyozidi kuwa mazito. Mwaka 1906 mhandisi mmoja Mjerumani aliiona mifupa ile imejitokeza juu ya ardhi. Kuanzia 1909 hadi 1913 ikachimbwa. Kuna misimu ambayo vibarua walifika 500. Walioongoza makundi ya uchimbaji kule chini walikuwa wenyeji, mkubwa wao akiwa Boheti bin Amrani, ambaye wageni wenyewe walikiri kwamba aliijua kazi kuliko wengi wao. Kisha mizigo ikabebwa kichwani na mabegani, maelfu kwa maelfu, kiasi cha kilomita 60 hadi Lindi mjini, mwendo wa siku nne. Jumla ilikuwa zaidi ya tani 200. Hakukuwa na treni. Hakukuwa na punda. Kulikuwa na akina babu.

Tena angalia tarehe. Vita vya Maji Maji vilikuwa 1905 hadi 1907, na kusini yote ilichomwa, mashamba, maghala, vijiji. Njaa iliyofuata iliua kuliko risasi. Sasa kijana aliyenusurika, miaka miwili baadaye anaambiwa kuna kibarua cha kubeba mawe. Angekataa ale nini?

Tukakaa kwenye benchi, binamu akaanza ubishi wake.

"Mnamtaka arudi? Mtamweka wapi? Hapo Lindi kuna jumba la mita 13?"

"Jumba hujengwa."

"Hata serikali yenu mwaka 2018 ilisema haimdai, inataka ushirikiano, wasaidie uchimbaji na makumbusho."

"Ilisema. Na wao farasi wao walipochukuliwa na Napoleon, walimwomba ushirikiano?"

Akanyamaza. Nikajiona nimeshinda, lakini kusema kweli sikuwa na uhakika. Mifupa ile ni mizito, na mingine inaweza kuvunjika ukiigusa vibaya. Ila mtoto wa Lindi ili amwone mjusi wa kwao anatakiwa viza, tiketi ya ndege na koti la Karume. Mimi nilibahatika. Wangapi watabahatika? Hapo binamu hakuwa na jibu, wala mimi.

Tulipotoka ilikuwa saa kumi tu, na tayari giza. Tukarudi kwenye U6, vituo kadhaa kuelekea kaskazini, tukashuka Afrikanische Straße, mtaa wa Kiafrika. Utacheka: huko kuna mtaa wa Sansibar, wa Tanga, wa Usambara, lakini ndani yake ni maghorofa ya kupanga na bibi anatembeza mbwa aliyevaa sweta. Kulikuwa na barabara iliyobeba jina la Peters tangu mwaka 1939. Wenye mitaa yao walibishana miaka mingi, mpaka Agosti 2024 ikagawanywa: kipande kimoja kikapewa jina la Anna Mungunda, mwanamke shujaa wa Namibia, na kingine kikaitwa Maji-Maji-Allee.

Tulilitafuta bango kwa tochi ya simu. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye taa za barabarani. Tukalipata. Nikapiga picha, mkono ukitetemeka, ikatoka na herufi zenye ndevu. Nikaituma nyumbani pamoja na ya mjusi, kisha tukakimbilia kwa Mturuki wa jirani kula mkate uliojazwa nyama ya kukatwa, mtamu ajabu, bei ya kistaarabu.

Mama akajibu kwa ujumbe wa sauti. Kwanza alilalamika kwamba mjusi mwembamba mno. Halafu akauliza:

"Na babu yako? Jina lake wameliandika?"

Nikamwambia sijaliona.

"Ulitafuta vizuri? Si unasema kuna ukungu."

"Mama, ukungu ulikuwa nje. Ndani kulikuwa na taa."

Akakaa kimya kidogo, nikasikia jogoo wa jirani yake akiwika bila sababu. Kisha akaniuliza kama nimekula.