Protini Zinazovusha Harufu

Harufu husafiri hewani, lakini seli za neva zinazoitambua hukaa kwenye majimaji. Kwa ng'ombe wanaochungwa Ilongero, mkoani Singida, seli hizo zimefunikwa na ute wa pua. Kwa nyuki wa mizinga ya huko, zimezama katika majimaji ya viungo vidogo vilivyomo kwenye vipapasio. Shida ni kwamba molekuli nyingi za harufu zina tabia ya mafuta, haziyeyuki vizuri majini. Ndiyo maana seli za jirani humwaga humo protini ndogo zenye uvungu unaokwepa maji. Molekuli ya harufu hujibanza humo na kuvushwa hadi kwenye kipokezi cha seli ya neva.

Mwaka 1981 Richard Vogt na Lynn Riddiford waliieleza protini ya aina hiyo kwa nondo dume, inayonasa harufu ya jike. Miaka hiyohiyo Paolo Pelosi na wenzake, nchini Italia, walikuwa wakiitafuta ya ng'ombe. Kazi inafanana, ila ukoo si mmoja: protini ya mdudu na ya mnyama zina maumbo tofauti kabisa.

Nyuki dume humfuata malkia angani kwa harufu, na protini iitwayo ASP1 hushika kemikali kuu ya harufu hiyo. Ya ng'ombe inashangaza zaidi. Ilipochunguzwa ilikutwa tayari imebeba oktenoli, kemikali iliyomo kwenye pumzi ya ng'ombe mwenyewe, ambayo pia huwavuta mbung'o. Huenda basi protini hiyo hufagia harufu puani pamoja na kuileta. Si jambo dogo kwa mnyama anayepumua juu ya majani siku nzima.

Kwa mbu aina ya Anopheles gambiae, anayeeneza malaria, protini OBP1 hushika indoli, mojawapo ya kemikali za jasho la binadamu. Jeni yake ilipozimwa katika utafiti wa mwaka 2010, vipapasio vya mbu jike vilipungukiwa na uwezo wa kuitikia indoli. DEET, dawa ya kujipaka ya kufukuza mbu, nayo huingia katika uvungu wa protini hiyohiyo.

Hata hivyo, nzi wa matunda walioondolewa protini ya namna hii katika baadhi ya viungo vyao waliendelea kunusa. Kwa hiyo dai la vitabu vingi kwamba bila mbebaji harufu haifiki kabisa limepitiliza.