Bunduki za Magendo na Vita vya Jabal Akhdar

Jina la Tanuf nyote mnalijua, wanangu, kwa sababu limeandikwa kwenye chupa za maji zinazouzwa madukani Oman. Lakini Tanuf kwanza ni kijiji. Ukitoka Nizwa ukashika njia ya Bahla, kipo upande wa mlimani: kuta za udongo zisizo na mapaa, madirisha yanayotazama mbingu, vishubaka ambamo watu walikuwa wakiweka taa na misahafu. Falaji, yaani mfereji wa kumwagilia mashamba, bado inapitisha maji kando yake. Hakukupita tetemeko pale. Kijiji kilipigwa kwa ndege mwaka 1957, na kabla sijawaambia nani alikipiga, nataka mjue bunduki ziliingiaje katika habari hii.

Mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, Maskati ilikuwa soko kubwa la bunduki. Zilikuja kwa meli kutoka Ulaya, zikapakuliwa mchana kweupe na ushuru ukalipwa. Halafu majahazi yakazivusha kwa siri hadi pwani ya Uajemi na Makran, na kutoka huko zikapakiwa ngamia kuelekea Afghanistan na mpaka wa India. Waingereza, waliokuwa wakipigana na makabila ya mpaka huo, waliona kwamba bunduki zinazopita Maskati mwisho wake zinawaelekea wao. Wakambana Sultan Faisal bin Turki. Mwaka 1912 akakubali silaha zote ziwekwe katika ghala moja la serikali, zisitoke bila kibali, naye akalipwa fidia.

Fidia iliishia Maskati. Watu wa bara walioizoea bunduki kama wanavyoizoea jambia kiunoni waliona tu kwamba mlango umefungwa, na kwamba aliyeufunga ni mgeni asiye wa dini yao. Haikuwa sababu pekee. Malalamiko juu ya Sultan na juu ya mkono wa Waingereza yalikuwa ya siku nyingi. Lakini mwezi wa Mei 1913 masheikh na wanavyuoni wakakutana Tanuf, hapo hapo penye magofu leo, wakampa baia (kiapo cha utii) Salim bin Rashid al-Kharusi awe Imamu, kiongozi wa dini na utawala. Nyuma yake alikuwepo Nur al-Din al-Salimi, mwanachuoni kipofu aliyeheshimiwa bara nzima, na Himyar bin Nasir al-Nabhani, mkubwa wa Bani Riyam, kabila lenye mlima wa Jabal Akhdar. Walipigana na jeshi la Sultan na askari wa Kihindi walioletwa na Waingereza mpaka Bayt al-Falaj, karibu na Maskati, ambako mwaka 1915 Imamu alishindwa. Mwaka 1920 Imamu Salim akauawa, na miezi michache baadaye ukatiwa saini Mkataba wa Sib: Sultan abaki na pwani, watu wa bara waendeshe mambo yao chini ya Imamu wao, wala mmoja asimwingilie mwenziwe. Aliyezungumza kwa upande wa bara ni Isa bin Salih al-Harthi, mtu wa Sharqiyah. Wenye jamaa Ibra na Unguja hawahitaji kuelezwa Waharthi ni nani.

Amani hiyo ilidumu zaidi ya miaka thelathini. Iliyoivunja ni mafuta. Sultan Said bin Taimur alikuwa ameipa kampuni haki ya kutafuta mafuta tangu 1937, na mahali palipotiliwa tamaa zaidi, Fahud, palikuwa bara. Imamu Muhammad bin Abdullah al-Khalili akafariki Mei 1954. Akachaguliwa Ghalib bin Ali al-Hinai, kijana, na ndugu yake Talib akawa liwali wa Rustaq. Kampuni ikaingia bara na jeshi lake lililofundishwa na Waingereza. Desemba 1955 Nizwa ikachukuliwa bila vita vya maana, na Sultan akaja kwa gari kutoka Salala, akikata jangwa, kuja kuonekana kwamba ndiye mwenye nchi.

Talib alikimbilia Saudia. Akarudi mwaka 1957 na watu waliofundishwa huko, wana silaha na pesa. Suleiman bin Himyar, mtoto wa yule bwana wa mlima niliyemtaja, akajiunga nao, na jeshi la Sultan likavunjika. Ndipo Sultan akawaita Waingereza, na ndege zao zikapiga Nizwa, Izki, Birkat al-Mawz na Tanuf. Wapiganaji wakapanda juu kabisa, kwenye uwanda wa Saiq, mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, ambako ndege ziliwafuata.

Hapo ndipo magendo yalipoanza upya. Mlimani hakuna kiwanda cha risasi. Vitu vilitoka Saudia kwa njia za jangwani na kwa majahazi yaliyotia nanga usiku pwani ya Batinah, vikapandishwa kwa punda na mabegani mwa watu. Kilichoumiza zaidi ni mabomu ya kutegwa ardhini, mengine yametengenezwa Marekani. Bomu la namna hiyo halichagui. Linafukiwa kwenye udongo wa njia ya gari na kufunikwa vumbi, na aliyelifukia yuko mbali linapolipuka, huku anayepita juu yake huenda ni askari au dereva aliyebeba mbao.

Mtoto mmoja ataniuliza: kwa nini watu waendelee kupigana miaka na mlima umezingirwa? Nitawajibu kwa nchi ya mbali. Colombia, Amerika Kusini, ilikuwa na ugomvi wake wa kisiasa kabla ya dawa za kulevya. Mwaka 1948 aliuawa kiongozi Jorge Eliécer Gaitán mjini Bogotá, na vyama viwili vikachinjana miaka kumi. Kokeini ilikuja baadaye. Kwa kuwa imekatazwa, bei yake ni kubwa, na biashara yake iliwaangukia waliokuwa tayari kuua, kama Pablo Escobar wa Medellín, ambaye watu wake walimuua Waziri wa Sheria mwaka 1984. Waasi wa FARC walioanza mwaka 1964 kwa kudai ardhi walipata humo pesa za kuendeleza vita mpaka mkataba wa 2016.

Sisemi Talib alikuwa Escobar. Talib alikuwa na dai la kisiasa, na hakuuza kitu. Kinachofanana ni njia. Ugomvi huanzishwa na watu wa hapo hapo, lakini magendo ndiyo huurefusha, na yule anayeleta mzigo ndiye anayekuwa na sauti kuliko wenye mji.

Mwisho wake mlimani ulikuwa wa ajabu. Waingereza walileta kikosi chao maalumu cha SAS kutoka msituni Malaya, na punda kutoka Somalia. Punda wale walikuwa wadogo mno, hawakuiweza mizigo. Wachunga punda wakaambiwa kwa siri kubwa kwamba shambulio litapitia Tanuf, huku wakubwa wakijua siri hiyo haitalala. Haikulala. Walinzi wengi wakahamia huko, na usiku wa tarehe 26 kuamkia 27 Januari 1959 askari wakapanda kwa upande mwingine. Asubuhi walikuwa juu. Ghalib, Talib na Suleiman wakapenya wakafika Saudia.

Magendo hayakukoma siku ile. Mabomu yaliendelea kufukiwa njiani. Aprili 1961 meli ya abiria Dara ililipuka katika Ghuba, karibu na Dubai, wakafa watu 238. Wengi wanaamini ni bomu lililotegwa na wafuasi wa waasi. Humo mlikuwa na wafanyakazi na familia ambao hawakujua hata Saiq iko wapi. Kwa hili mimi sina udhuru wa kumtolea mtu, awe wa upande wa Imamu au wa Sultan: aliyepiga falaji ya mkulima kwa ndege na aliyetega bomu melini, wote walimlipisha asiyedaiwa.

Mafuta ya kwanza ya Oman yalisafirishwa mwaka 1967. Imamu Ghalib alifia Dammam mwaka 2009, bado mkimbizi. Suala la Oman lilijadiliwa Umoja wa Mataifa hadi 1971, na mlimani watu walijenga tena matuta yao ya mikomamanga na mawaridi. Walioziona ndege zile wakiwa watoto sasa ni wazee wa kukaa barazani. Nendeni mkawaulize, na wakisema Kiarabu msichokielewa, mwombeni bibi awafasirie.