Bingwa wa Upasuaji wa Mgongo: Elimu Yake, Huduma Yake, na Kazi Inayobaki Mikononi mwa Jamii

Msimu wa kuangua nazi na kuchuma maembe unapowadia, na pikipiki zinapozidi kuongezeka katika barabara za vijijini, hatari ya kuumia mgongo husogea karibu na kila kaya. Mtu akianguka na kushindwa kuinua miguu, ndugu zake huanza kuulizana habari za bingwa: yuko hospitali gani, atafikiwaje, na je, ataweza kumrudisha mgonjwa wao katika hali yake ya awali? Makala hii inaeleza bingwa wa upasuaji wa mgongo ni nani, amepitia elimu gani, na anamhudumiaje mgonjwa. Inaeleza pia kwa nini sehemu kubwa ya mafanikio yake huamuliwa na watu waliomwokota majeruhi, kabla bingwa mwenyewe hajamwona.

Mgongo ulivyoumbwa

Uti wa mgongo umejengwa kwa pingili zilizopangana moja juu ya nyingine. Shingoni zipo 7, kifuani 12, kiunoni 5, na chini yake zipo nyingine zilizoungana zinazofanya sakramu na kifandugu. Baina ya pingili zinazocheza kuna diski, yaani vibonge laini vinavyopokea uzito wa mwili na kuuwezesha mgongo kupinda.

Ndani ya pingili hizo kuna tundu linalopitisha mshipa mkuu wa fahamu utokao kwenye ubongo. Mshipa huo ndio unaopeleka amri ya kutembea, kushika na kuzuia haja, na ndio unaorudisha hisia za maumivu, joto na baridi. Mfupa uliovunjika huweza kuunga, lakini mshipa huo ukikatika hauungi. Kwa sababu hiyo, pingili iliyovunjika ikiwa bado haijaugusa mshipa, mgonjwa ana nafasi nzuri. Pingili hiyohiyo ikisogezwa kwa pupa, nafasi hiyo huweza kupotea kwa dakika moja.

Elimu ya bingwa

Njia ya kuwa daktari bingwa wa mgongo ni ndefu. Mwanafunzi aliyefaulu masomo ya sayansi katika kidato cha sita husoma shahada ya udaktari kwa miaka 5, kisha hufanya kazi kwa vitendo hospitalini kwa mwaka 1 chini ya usimamizi. Baada ya kusajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, huwa daktari kamili wa magonjwa yote, lakini bado si bingwa.

Anayetaka ubingwa wa mifupa na ajali hurudi chuoni kwa shahada ya uzamili, kwa mfano katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, au hupitia mafunzo yanayosimamiwa na Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kijulikanacho kwa kifupi kama COSECSA. Miaka hiyo huitumia wodini, kliniki na chumba cha upasuaji, akijifunza kutibu mifupa iliyovunjika, viungo vilivyoteguka na ulemavu wa kuzaliwa. Akisha kuwa bingwa wa mifupa, huongeza mafunzo ya ubobezi katika mgongo peke yake. Kwa hesabu hiyo, tangu aingie chuo cha udaktari mpaka ashike kisu cha kupasua mgongo kama mbobezi, hupita miaka 10 au zaidi. Wapo pia mabingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu wanaopasua mgongo. Mara nyingi makundi haya mawili hushirikiana kwa mgonjwa mmoja.

Vizazi vilivyotangulia vililazimika kuitafuta elimu hiyo ng'ambo. Marehemu Profesa Philemon Sarungi, bingwa wa upasuaji wa mifupa aliyewahi kuwa Waziri wa Afya, alisomea udaktari nchini Hungaria. Hali ilibadilika kadiri vyuo na hospitali za nchini zilivyokua. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa kwa Sheria ya Bunge Na. 7 ya mwaka 1996, leo hutibu wagonjwa na kufundisha madaktari wa mifupa, ubongo na mgongo. Hospitali za rufaa za kanda nazo, kama vile KCMC mjini Moshi na Bugando mjini Mwanza, zinatoa huduma za kibingwa za mifupa.

Kazi yake huanzia kwenye maswali

Wagonjwa wengi huenda kwa bingwa wakidhani watapangiwa upasuaji siku hiyohiyo. Ukweli ni kwamba wengi wa wanaoumwa mgongo hawahitaji kupasuliwa. Maumivu ya kiuno yanayotokana na kuinama shambani, kubeba mizigo au kukaa muda mrefu hupungua yenyewe ndani ya wiki chache, hasa mgonjwa akiendelea kutembea na kufanya kazi nyepesi kuliko kulala kitandani mchana kutwa.

Kwa hiyo bingwa huanza kwa kuuliza: maumivu yalianza lini na kwa sababu gani? Yanashuka mguuni? Yanazidi usiku? Mgonjwa amekonda, ana homa au anatoka jasho usiku? Anahisi vema anapokwenda haja? Kisha humpima. Humtaka ainue kidole gumba cha mguu dhidi ya mkono wa daktari, humgusa ngozi kutoka juu kwenda chini, na humgonga goti kwa nyundo ndogo. Vipimo hivi visivyo na mashine humwonesha tatizo liko kwenye pingili gani. Picha ya eksirei, CT scan au MRI huja baadaye, kuthibitisha kile ambacho daktari amekwisha kukishuku.

Maswali hayo huibua pia magonjwa ambayo dawa yake kuu ni vidonge. Mfano ni kifua kikuu cha mgongo. Daktari wa Kiingereza, Percivall Pott, alieleza mwaka 1779 namna kibiongo kinavyoweza kuambatana na kupooza miguu, na hadi leo ugonjwa huo unaitwa kwa jina lake. Vijidudu vya kifua kikuu hutoka mapafuni, hupita kwenye damu na kula pingili polepole; mgonjwa anaweza asikohoe hata kidogo. Ukigunduliwa mapema, hutibika kwa dawa za kifua kikuu, ambazo hapa nchini hutolewa bila malipo, na upasuaji huhitajika kwa baadhi tu ya wagonjwa. Ukichelewa, pingili hubomoka, mgongo hujikunja na miguu hupooza. Ugonjwa wa brusela, unaopatikana kwa kunywa maziwa yasiyochemshwa, nao huweza kushambulia pingili.

Upasuaji na mipaka yake

Upasuaji wa mgongo una makusudi mawili makubwa. La kwanza ni kuondoa kinachoukandamiza mshipa wa fahamu, kiwe kipande cha mfupa, diski iliyochomoza, usaha au uvimbe. La pili ni kuzifunga pingili zilizolegea kwa skrubu na vyuma ili zisisogee zinapounga.

Kabla ya hapo bingwa hukaa na mgonjwa pamoja na ndugu na kuwaeleza faida, hatari na njia nyingine zilizopo. Fomu ya ridhaa husainiwa baada ya maelezo hayo. Mgonjwa ana haki ya kuuliza tena jambo asilolielewa, na ana haki ya kuelezwa kwa Kiswahili chepesi. Ndani ya chumba cha upasuaji bingwa hafanyi kazi peke yake: wapo daktari wa usingizi, wauguzi na mtaalamu wa picha, na kabla ya kisu kushikwa, jina la mgonjwa na mahali pa kupasuliwa huthibitishwa kwa sauti.

Lipo jambo moja ambalo familia nyingi huumia kulisikia, na hata hivyo ni lazima lisemwe. Kama mshipa mkuu wa fahamu umekwisha kukatika, vyuma haviurudishi. Upasuaji katika hali hiyo humwezesha mgonjwa kuketi, kugeuzwa bila maumivu makali na kuanza mazoezi mapema, haumwahidi kutembea. Kama mshipa umebanwa tu, matumaini ni makubwa zaidi, na hapo muda una thamani kuu. Ndugu wanaoelezwa ukweli huu mapema huepuka kuuza shamba au ng'ombe kwa kufuata ahadi za watu wasio wataalamu.

Baada ya kisu

Kabla ya miaka ya 1940, wengi waliovunjika mgongo na kupooza walifariki dunia kwa sababu ya vidonda vya kulala na maambukizi ya njia ya mkojo. Mwaka 1944, daktari Ludwig Guttmann alifungua kituo cha wagonjwa wa aina hiyo katika hospitali ya Stoke Mandeville nchini Uingereza, akasisitiza wageuzwe usiku na mchana, wafanyishwe mazoezi na warudishwe kazini. Mwaka 1948 aliwaandalia mashindano ya michezo, na kutokana na mashindano hayo ilizaliwa michezo ya Paralimpiki.

Fundisho lake linatumika hadi leo katika wodi na katika nyumba zetu. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa 2. Ngozi yake hukaguliwa kila siku matakoni, visiginoni na nyongani, na shuka hutandikwa bila mikunjo. Mpira wa mkojo hutunzwa kwa usafi aliouelekeza muuguzi. Mtaalamu wa mazoezi tiba huwafundisha ndugu namna ya kunyoosha viungo ili visikakamae. Kazi hii ndiyo inayotunza matunda ya upasuaji, na hufanywa zaidi na mama, mke, mume au mtoto kuliko daktari.

Saa za mwanzo baada ya ajali

Mtu akianguka kutoka juu au akigongwa, na analalamika maumivu ya shingo au mgongo, ganzi au kushindwa kusogeza miguu, wanaomwokota wafanye yafuatayo:

1. Wamwache alipo, isipokuwa kama pana moto, maji au magari yanayopita. Wasimketishe wala kumsimamisha ili "kumjaribu".
2. Mtu mmoja ashike kichwa chake kwa mikono miwili, kisicheze, huku wengine wakihakikisha anapumua vizuri.
3. Watafute ubao mpana au mlango ulio bapa na mgumu. Watu wanne au watano wamgeuze kwa pamoja kama gogo, kichwa, kiwiliwili na miguu vikienda sawia, kwa hesabu ya yule aliyeshika kichwa.
4. Waweke nguo zilizokunjwa pande zote mbili za kichwa, kisha wamfunge kwenye ubao kwa kanga au vitenge.
5. Akitapika, wamgeuze mwili mzima kwa ubavu. Wasimpe chakula wala kinywaji.
6. Wampeleke kwa gari ambalo anaweza kulazwa. Asipakiwe kwenye bodaboda akiwa katikati ya watu wawili, wala asikunjwe ndani ya bajaji.

Kukandwa kwa nguvu, kunyooshwa au kukanyagwa mgongo baada ya ajali ni hatari kubwa, hata kama anayefanya hivyo anaheshimika kijijini na nia yake ni njema.

Dalili zisizosubiri

Pamoja na ajali, mkazi afike kituoni bila kuchelewa akiona maumivu ya mgongo yanaambatana na udhaifu wa miguu unaoongezeka. Ganzi katikati ya mapaja na sehemu za siri. Kushindwa kukojoa au kuzuia haja. Homa, jasho la usiku na kukonda. Au kibiongo kinachoanza kuchomoza. Ganzi ya sehemu za siri pamoja na mkojo kuziba ni dharura inayohitaji kuwahishwa siku hiyohiyo. Wagonjwa wengi huona haya kuitaja. Watoa huduma wanaombwa kuiuliza, na wagonjwa wanaombwa kuisema.

Utaratibu wa rufaa

Safari ya kumfikia bingwa huanzia katika zahanati au kituo cha afya, hupitia Hospitali ya Wilaya na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, kisha hospitali ya kanda au ya taifa. Majeruhi wa dharura hupokelewa na kituo chochote kilicho karibu. Mgonjwa anayesafiri kwa rufaa achukue barua ya rufaa, kadi ya bima ya afya kama anayo, picha na majibu yote ya vipimo vilivyokwisha kufanyika, pamoja na dawa anazotumia. Asiye na uwezo wa kulipia aonane na Ofisa Ustawi wa Jamii wa hospitali, akiwa na barua ya utambulisho kutoka kwa Mtendaji wa Kijiji au Mtaa, mapema kabla gharama hazijalimbikizana.

Bingwa wa mgongo ametumia zaidi ya muongo mmoja kujiandaa kwa ajili ya mgonjwa huyo. Wanakijiji wanahitaji ubao mmoja, watu watano na dakika chache za utulivu ili mgonjwa amfikie akiwa bado anaweza kusaidiwa. Viongozi wa vitongoji, madereva wa bodaboda na wakwezi wa minazi wanahimizwa kuwaomba wahudumu wa afya wa zahanati zao wawaoneshe kwa vitendo namna ya kumgeuza na kumbeba majeruhi, kabla siku ya ajali haijafika.